Maswali Yenu: Mbona Programu ya Chuma ni Nyepesi Hivi?

Tangu tuchapishe programu ya wanaoanza kunyanyua vyuma, ujumbe umekuwa ukiingia kutoka Igoma, Nyegezi, Sengerema hadi Nansio. Wengi wanauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: naruhusiwa kubadilisha hiki au kuongeza kile?

Kwa aliyekosa toleo lile, programu yenyewe ni hii. Siku tatu kwa wiki, mathalani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Siku A na Siku B zikipokezana. Siku A ina skwati (kuchuchumaa chuma kikiwa mgongoni), benchi (kulala chali na kusukuma chuma) na kuvuta (kuinama na kuvuta chuma hadi tumboni), kila zoezi seti 3 za mara 5 (yaani unanyanyua mara 5 mfululizo, unapumzika, unarudia hadi zitimie awamu tatu). Siku B ni skwati tena seti 3 za mara 5, presi (kusimama na kusukuma chuma juu ya kichwa) seti 3 za mara 5, na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) seti 1 tu ya mara 5. Ukikamilisha mara zote, zoezi hilo likirudi unaongeza kilo 2.5, dedilifti kilo 5. Ukishindwa uzito ule ule siku tatu mfululizo, punguza asilimia 10 upande upya. Kati ya seti nzito pumzika dakika 3 hadi 5. Basi. Inaenea nusu ukurasa, na nadhani ndiyo sababu watu wanaitilia shaka.

*Habari za kazi. Nina miaka 24, nabeba kreti za samaki pale Mwaloni, Kirumba. Programu yenu niliona ni ya watoto, nikaanzia skwati kilo 70 na benchi kilo 60. Siku tatu niliona chache, nikaongeza mikono na kifua Jumanne na Alhamisi. Sasa wiki ya sita, skwati imegoma 77.5, benchi 62.5, na bega la kulia linachoma nikishusha chuma. Nihamie programu gani?*
— Mbebaji, Kirumba

Usihame ndugu yetu, kwa sababu hii yetu bado hujaifanya. Ulichofanya ni programu nyingine iliyoazima jina la hii.

Tuhesabu pamoja. Skwati inakuja mara tatu kwa wiki, kila mara kilo 2.5, yaani kilo 7.5 kwa wiki. Aliyeanzia kilo 50 anafika 77.5 siku ya 12, mwisho wa wiki ya nne, na anafika akiwa bado anapanda. Wewe uliyeanzia 70 umepata kilo 7.5 kwa wiki sita, ukagota. Zile kilo 20 ulizoziruka zilikuwa ndio muda wa kujifunza: siku nane za kuchuchumaa na uzito unaokuruhusu kurekebisha magoti, mgongo na pumzi. Kwenye kilo 70 hakuna nafasi ya kurekebisha chochote, unapambana tu kusimama.

Kuna sababu ya pili ambayo haionekani. Nguvu ya wiki za mwanzo inatokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamuru misuli ifanye kazi kwa pamoja, wala si misuli kunenepa. Ndiyo maana anayeanza anaweza kuongeza uzito kila baada ya siku mbili, jambo ambalo mzoefu hulitamani asilipate. Ila kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, huimarika polepole kuliko msuli. Anayeanzia chini huzipa muda. Anayeanzia juu hupata taarifa yao baadaye, na mara nyingi taarifa hiyo hutokea begani au chini ya goti.

Halafu hizo Jumanne na Alhamisi. Kati ya Jumatatu na Jumatano kuna saa 48, na saa hizo ni sehemu ya programu kama seti zilivyo. Ukipiga kifua Jumanne, benchi au presi ya Jumatano inakukuta na mabega yaliyochoka. Ukishindwa, hujui umeshindwa kwa sababu ya uzito, usingizi au zile seti za jana. Hapo daftari lako halina maana tena. Na kumbuka wewe una kazi ya kreti alfajiri, ambayo tayari ni zoezi la mgongo na mikono ambalo sisi hatukuliandika. Kama kuna mtu Mwanza nzima asiyehitaji siku ya nne, ni mbebaji wa Mwaloni.

Mikono ya kuonyesha inatoka kwenye kuvuta. Vuta kilo 60 mara tano kwa seti tatu, kisha uje tuizungumzie.

Fanya hivi. Kwanza bega: benchi simamisha wiki moja. Ukirudi, anza na chuma kitupu, yaani bila pleti (zile duara za kuongeza uzito), mwombe mwenzako atazame mambo matatu. Chuma kikigusa kifua, mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo usimame wima, usilalie ndani wala nje. Viwiko visitanuke sawasawa na mabega kama msalaba; virudishe kuelekea mbavuni kiasi cha nyuzi 45 hadi 70 kutoka kwenye kiwiliwili. Mabega yabane nyuma na chini kabla hujatoa chuma kwenye stendi, na chuma kitue chini kidogo ya chuchu, kisitue karibu na shingo. Wengi wanaoungua bega hushusha chuma juu mno huku viwiko vimetanuka. Kama bado linauma na chuma kitupu, au linakuamsha usiku, hilo ni la hospitali.

Likitulia, benchi anzia kilo 40. Inakuja mara tatu katika wiki mbili, kwa hiyo 62.5 utaikuta wiki ya saba, bila kuisukuma kwa meno. Skwati anzia 50. Si lazima kila mtu aanzie kilo 20 za chuma kitupu. Kanuni ya kuanzia ni kufanya mara 5 na chuma kitupu, kuongeza kilo 10 na kufanya tena 5, hivyo hivyo mpaka uone chuma kinaanza kupanda polepole. Hapo simama. Huo ndio uzito wa siku ya kwanza, hata kama pembeni kuna mtu anacheka.

*Mwangaluka waandishi. Mimi ni mwalimu wa kike, Sengerema. Chuma cha jimu yetu ni kilo 15 na pleti ndogo kuliko zote ni za kilo 2.5. Presi ya kilo 20 ilikwenda vizuri, 25 nimeshindwa siku tatu, nikapunguza, nikapanda, nimeshindwa tena. Je, presi haifai kwa wanawake?*
— Mwalimu, Sengerema

Mwangaluka mwalimu. Inafaa sana, ila jimu yenu imekupa ngazi iliyokosa vidato. Kutoka 20 kwenda 25 ni ongezeko la robo nzima. Aliyeko kwenye skwati ya kilo 100 akiongeza 2.5 ameongeza asilimia 2.5. Hizo si kazi mbili zinazofanana, na presi, ambayo hutumia misuli midogo kuliko mazoezi mengine yote ya programu, ndiyo huanza kulalamika.

Dawa ni pleti ndogo, na zinatengenezwa kwa fundi yeyote wa kuchomelea. Mpelekee vipimo hivi: bamba la chuma la unene wa milimita 10, mduara wa kipenyo cha sentimita 10.5, tundu la katikati sentimita 5.2 kama chuma chenu kina ncha nene za milimita 50. Kila kimoja kitakuwa na takriban nusu kilo. Kama chuma chenu ni chembamba, tundu liwe sentimita 3 na kipenyo kipungue hadi 9.5. Agiza vinne. Viwili vinakupa ongezeko la kilo 1, vinne kilo 2. Mwambie akwangue makali, na kabla hujalipa vipimeni kwenye mizani ya duka. Tofauti ya gramu 20 isikusumbue, ya gramu 100 irudishe.

Kufunga chupa za maji kwenye ncha tumeona kukifanyika. Kwa dedilifti si vibaya. Kwa presi hapana: maji yanacheza, chuma kinayumba juu ya kichwa chako.

Ukipata pleti hizo, panda 20, 21, 22. Hata 2.5 za programu, kwa presi na benchi ya mtu mwenye mwili mdogo, tunaruhusu ziwe 1 tangu mwanzo. Huko si kuivunja programu. Kinacholindwa ni kuongeza kila zoezi linaporudi. Ukubwa wa hatua unafuata zoezi na mtu.

*Sisi tuko watano, tunafanya uwani Mabatini. Chuma chetu ni bomba la maji la inchi moja, pleti ni zege kwenye makopo ya rangi. Tutajuaje kilo 20 ni ipi?*
— Vijana wa uwani

Mtapima, hakuna njia nyingine. Bomba la inchi moja lina takriban kilo 2.4 kwa mita, hivyo mita mbili ni kama kilo 5, si 20. Kopo la lita 4 likijaa zege hukaribia kilo 10, ila kokoto na maji hubadilisha, na makopo mawili ya siku moja yanaweza kupishana kilo nzima. Upande mmoja ukiwa mzito, mgongo unajipinda kufidia na hamtajua. Pimeni kila kopo, andikeni uzito kwa rangi juu yake, kisha muunganishe yanayokaribiana.

Bomba hilo litawafaa kwa uzito mdogo, ukizidi litaanza kupinda katikati na halitarudi. Changeni mnunue nondo ya milimita 25 yenye urefu wa mita 2.2: ina kilo 8.5 hivi, na inavumilia zaidi.

Dedilifti ndiyo inayohitaji umakini. Pleti za kawaida za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kinakaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Makopo yenu huenda yana kipenyo cha 18 au 20, maana yake chuma kiko karibu na vidole vya miguu na mnalazimika kukunja mgongo kukifikia. Inueni makopo juu ya mbao au matofali mapana mpaka chuma kifike katikati ya ugoko. Mbao za inchi mbili, tatu kwenda juu kila upande, zinatosha kwa kopo dogo. Zipigeni misumari ziwe kitu kimoja zisiteleze.

*Wenzangu hapa chuo Malimbe wanasema kuchuchumaa hadi chini kunaharibu magoti. Mimi nashuka nusu, na nimefika kilo 90 kwa miezi miwili. Nikijaribu kushuka chini na 60 tu nashindwa. Kuna tatizo?*
— Mwanafunzi

Tatizo ni kwamba hizo 90 hazipo. Programu iliposema skwati ilimaanisha mkunjo wa nyonga ushuke chini kidogo ya usawa wa juu ya goti. Ukikata safari katikati, unaacha sehemu ngumu kuliko zote, na uzito unapanda kwenye daftari wakati nguvu iko pale pale. Mbaya zaidi, mgongo na magoti sasa vinabeba kilo ambazo makalio na nyuma ya mapaja hawajajiandaa kuzibeba.

Kwa goti zima lisilo na jeraha, kushuka chini kwa uzito unaopanda pole pole hakuliharibu. Kinachosumbua magoti ni kuyaacha yaangukie ndani, kunyanyua visigino, na kuruka uzito.

Rudi kilo 40. Miguu upana wa mabega, vidole vikitazama nje kiasi cha nyuzi 30. Chuma kikae juu ya nyama ya mgongo wa juu, kamwe si juu ya mfupa wa shingo. Kama kinauma shingoni, kiko juu mno. Vuta pumzi ujaze tumbo, likaze kama mtu anataka kukupiga ngumi, ushuke huku magoti yakifuata vidole. Uzito uhisi katikati ya unyayo. Simamisha simu pembeni, usawa wa nyonga, urekodi seti ya mwisho, maana seti ya kwanza hata mvivu huifanya vizuri.

Na viatu. Raba za kukimbilia zenye soli laini zinabonyea na kukuyumbisha. Vaa raba za turubai zenye soli nyembamba ngumu, au kama sakafu ni safi na kavu, pekupeku. Kandambili hapana, na tunasema hivi kwa sababu tunaziona kila wiki.

*Mimi ni mvuvi wa dagaa, Igombe. Kipindi cha giza tunalala ziwani kila usiku, mbalamwezi ikitoka tunapumzika. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa yenu siiwezi. Niache?*
— Mvuvi

Usiache, wala usione haya kuiuliza. Jumatatu haina uchawi wowote. Kilichoandikwa ni mpangilio: A ikifuatiwa na B, angalau siku moja ya mapumziko katikati, na pengo lisizidi siku nne ikiwezekana.

Kipindi cha mbalamwezi fanya siku tatu kwa wiki kama kawaida. Giza likiingia na karabai zikiwashwa, fanya mbili. Usiende jimu ukishuka tu kwenye mtumbwi asubuhi. Lala kwanza kwa muda wa saa tano au sita, kula, ufanye saa tisa au kumi alasiri kabla ya kurudi majini. Kinachopunguzwa ni idadi ya siku, si seti wala mara. Wengi hufanya kinyume: wanakuja siku zote tatu, kila siku wanakata skwati kwa sababu wamechoka. Baada ya mwezi wana mikono na hawana miguu. Ukikamilisha, ongeza kama ilivyoandikwa. Mikono iliyovuta nyavu usiku kucha huchoka kushika, kwa hiyo kuvuta na dedilifti ndizo zitakazogoma kwanza; ukishindwa, rudia uzito ule ule kabla ya kuulaumu mwili.

Wengi wenu mmeuliza kuhusu siku zilizokosekana kwa safari, msiba au mtihani, basi tujibu hapa hapa. Ukikosa siku moja, endelea na siku iliyokuwa ifuate, usifanye mbili kwa pamoja kulipa deni. Ukikosa wiki, rudia uzito wa mwisho uliofanikiwa. Wiki mbili, punguza asilimia 10. Mwezi, punguza 20 na usihesabu kama hasara, utazirudisha haraka kuliko ulivyozipata mara ya kwanza. Waliofunga Ramadhani wasogeze zoezi saa moja au mbili baada ya futari nyepesi. Uzito ukisimama mwezi ule, usimame tu.

*Nafanya peke yangu saa kumi na moja alfajiri. Naogopa chuma kunilalia kifuani.*
— Buzuruga

Unaogopa jambo sahihi. Benchi peke yako, ondoa klipu za kufunga pleti. Ukishindwa, inamisha chuma upande mmoja, pleti zitaanguka, upande wa pili utafuata kwa kishindo. Utaamsha majirani, lakini utaamka pia. Kidole gumba kizunguke chuma. Mtindo wa kukiacha upande mmoja na vidole vingine ndio unaotelezesha chuma kifuani. Na seti ambayo mara ya nne ilipanda kwa kutetemeka, usiianze ya tano. Andika 4, weka chuma kwenye stendi.

Skwati inataka mikono ya kinga kwenye stendi. Stendi nyingi za mitaani ni nguzo mbili tu zenye ndoano. Mpe fundi kazi ya kuongeza mabomba mawili ya mlalo, yawe sentimita 5 chini ya pale chuma kinapofika ukiwa umechuchumaa hadi mwisho. Pima na chuma kitupu mgongoni, mtu akiweka alama ya chaki kwenye nguzo. Mpaka mikono hiyo iwepo, fanya skwati siku ambazo kuna mtu jimu.

*Bila unga wa protini wa kwenye makopo, programu inawezekana? Mshahara wangu ni mdogo.*
— Mlinzi, Nyakato

Inawezekana, tena unaishi mahali pazuri. Lenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wako kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 96. Gramu 50 za dagaa wakavu zinakupa karibu 30. Mnofu wa sato au sangara gramu 150, karibu 30 nyingine. Mayai mawili 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, glasi ya maziwa 8. Umefika 95, na ugali haujahesabiwa, nao una chake. Siku usiyoweza samaki, zidisha dagaa na maharage.

Dagaa chagua waliokaushwa juu ya vichanja. Waliotandazwa mchangani ni rahisi zaidi lakini utawaosha maji matatu na bado utatafuna mchanga.

Protini si yote. Anayekwama mara nyingi hana chakula cha kutosha kwa ujumla. Kama uzito wa mwili haujaongezeka hata nusu kilo kwa mwezi na wewe ni mwembamba, ongeza sahani kabla hujaongeza swali: kipande cha ugali zaidi usiku, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na maziwa mchana. Usingizi nao, ndugu mlinzi, tunajua zamu ya usiku. Pata saa saba za kulala hata kama ni mchana, funga dirisha kwa kitambaa kizito.

*Wanangu, nina miaka 52, presha yangu hupanda na kushuka. Mwanangu ananiambia nianze chuma naye. Ni sawa?*
— Mama wa Ilemela

Shikamoo mama. Pima kwanza kituo cha afya, tena siku mbili tatu tofauti. Ikiwa inafika 140 kwa 90 au zaidi, onana na mganga kabla ya kugusa chuma, kwa sababu kubana pumzi wakati wa kunyanyua hupandisha presha kwa muda. Akikuruhusu, fuata programu hii hii kwa hatua za kilo 1, ukitoa pumzi unapopanda badala ya kuibana. Skwati za mwanzo fanya bila chuma, ukikaa na kusimama kwenye kiti kifupi mikono ikiwa kifuani, seti 3 za mara 5. Zikiwa rahisi, shika kifuani mfuko wa unga wa kilo 5. Chuma kitafuata. Na mwanao asikuharakishe kwa sababu yeye anaongeza 2.5, programu ni moja, daftari ni mawili.

*Huu ni mwezi wangu wa saba kwenye programu. Skwati nimepunguza asilimia 10 mara tatu, kila nikipanda nashindwa kilo 105. Nakula, nalala. Bado niifuate kama ilivyoandikwa?*
— Fundi seremala, Igoma

Tuulize moja kwanza: unapumzika dakika ngapi kati ya seti? Kwa uzito huo dakika mbili hazitoshi, chukua tano zilizopimwa kwa saa. Wengi wanaotuandikia kuhusu kukwama wamekwama hapo tu.

Kama ni tano tayari, basi kwako skwati imemaliza kazi ya programu hii, na imeimaliza kihalali. Mazoezi mengine yanayoendelea kupanda yaache yaendelee kama yalivyoandikwa. Usiyahamishe kwa huruma. Skwati pekee ndiyo inahamia kuongezeka mara moja kwa wiki. Uzito wako bora uliokamilika ni 102.5. Jumatatu fanya seti 5 za mara 5 kwa asilimia 90 ya huo, yaani 92.5. Jumatano seti 2 nyepesi za mara 5 kwa kilo 75. Ijumaa, baada ya kupasha mwili na chuma kitupu, 45, 70 na 90 kwa mara zinazopungua, fanya seti moja tu ya mara 5 kwa kilo 105. Ikipita, Jumatatu inayofuata ni 95 na Ijumaa yake 107.5.